Mbwa wa Kiambaza

Danson alikuwa dereva wa lori kwenye maghala ya Al-Sulay, Riyadh, na mdomo wake ungeweza kumuuzia samaki maji. Lakini kila alipopeleka fanicha kwenye nyumba alikofanya kazi Serah, Mkenya mwenzake, mdomo huohuo ulikauka. Aliuliza habari, akajibiwa nzuri, kisha akasimama pale akikunja kamba ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

Mwaka 2014 matajiri wa Serah wakahamia Jeddah, wakaenda naye. Danson akapewa mizigo yao aipeleke. Akishashusha kasha la mwisho angerudi zake Riyadh, na Serah ndiyo basi tena. Kwa hiyo njia nzima jangwani akalifanyia mazoezi neno moja tu. Alikuwa amelelewa Changamwe, ukuta kwa ukuta na mama mpenda taarabu, na alijua kwamba katika nyimbo zile mpenzi huitwa kalbi, yaani moyo. Tena ni Kiarabu! Alijipongeza mpaka akapitiliza kituo cha mafuta.

Kilichoshushwa mwisho kilikuwa kiambaza cha kukunja kutoka Japani. Yeye na Serah walipokikunjua sebuleni, madam mwenye nyumba akisimamia, ikatokea picha ya wapanda farasi wenye pinde wakiwafukuza mbwa weupe.

"Woiye, hawa mbwa," Danson akasema.

"Hawaumii," Serah akamwambia. "Bosi alisema ni mchezo wa mashujaa wa zamani. Hiyo mishale ni butu."

Danson akavuta pumzi. "Serah, wewe ni kalbi. Kalbi yangu, walahi!"

Madam hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, ila neno hilo alilijua vizuri sana. Akamtazama Danson, akawatazama mbwa, akamtazama Serah, kisha akacheka mpaka akaketi juu ya kasha.

"Kwani nimesema nini?"

"Umesema mimi ni mbwa wako. Moyo hawa huutoa kooni, galbi. Wewe umeutoa mdomoni, ukawa mbwa."

Danson akatamani ardhi ipasuke immeze, na lori lake pia. Mwanamume mzima, kilomita zote zile, kwenda kumtukana mtu!

"Yalla, halas," madam akasema, yaani haya, yatosha, akijipangusa machozi, akaingia jikoni.

Danson akaokota kamba zake, akaelekea mlangoni bila kuaga. Moyo ulimuuma kwelikweli.

"Danson," Serah akaita. Alikuwa akipangusa vumbi kwenye kiambaza, hakugeuka. "Si nimekwambia mishale ni butu? Haiui mtu. Hebu sema tena. Kooni."

Akajaribu. Akapaliwa, akakohoa, akajaribu tena.

Siku hizi wanaishi Voi, wana nyumba na watoto. Danson sasa hulitamka neno hilo vizuri kuliko maulamaa. Serah humwita kalbi kila siku, na hulitoa mdomoni, makusudi.