Kukimbilia Yowe

Nilimvunja jirani yangu mkono kwa mpini wa jembe. Sikuwa nimelewa wala sikuteleza. Nilimlenga kichwa, akainua mkono, mfupa ukalia. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu kijijini kwetu, njia ya kwenda Mazingara, habari hii husimuliwa kwa kuanzia mbali, kwenye ng'ombe, kwenye mahindi, kwenye serikali, na ikikaribia mkono ule msimulizi hukohoa na kuaga. Nimefundisha historia shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu, na nimechoka kukohoa.

Kosa lake lilikuwa moja. Yowe lilipigwa, hakutoka.

Kwa asiyekulia Handeni nieleze kidogo. Kwetu yowe likipigwa mwanamume huacha alichoshika. Ukiwa unakula unaliacha tonge, ukiwa unaoga unatoka na taulo kiunoni. Huulizi kuna nini. Unakamata panga, fimbo, mchi, chochote, na unakimbilia sauti inakotoka. Anayebaki ndani amejitangaza mwenyewe: ama anajua kilichotokea, ama kimemfurahisha, na watu wakirudi watamshughulikia. Kituo cha polisi kiko mbali, kwa hiyo tangu enzi za babu zetu yowe ndilo polisi wetu.

Jirani yangu alikuwa Mzigua kama mimi, rika langu, ila alizaliwa Somalia kando ya Mto Juba. Mababu zake walichukuliwa utumwani kutoka huku huku kwetu, wakavushwa bahari, wakawatoroka mabwana zao na kwenda kuishi msituni kando ya mto na lugha yao. Vita vilipoivunja Somalia, naye akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikimbia na wenzake mpaka Tanga. Wakapewa makazi Handeni, baadaye wakapewa na uraia. Alipohamia kijijini kwetu na mke na watoto watatu, wazee walitokwa machozi kumsikiliza. Kizigua chake kilikuwa cha bibi zetu, chenye maneno ambayo sisi tuliyaacha zamani.

Tulizoeana kwa kubishana. Nina ugonjwa wa kulinganisha nchi, nimeupata darasani na hautibiki. Tukikaa kibarazani kwangu kupukuchua mahindi nilikuwa namsomea somo lote.

"Nchi zetu ni pacha, mgosi," nilimwambia. "Zote zilikuwa chini ya udhamini, sisi kwa Mwingereza, ninyi kwa Mtaliano. Zote zilipewa uhuru mezani. Ninyi mlitutangulia mwaka na ushei. Zote ziliungana na jirani, zote zikatangaza ujamaa, zote zikaingia vitani na jirani karibu miaka ileile. Sisi tukashinda, ninyi mkashindwa, na baada ya hapo wote tukakosa sabuni."

"Kama ni pacha, mwalimu, mbona mmoja ana shamba na mwenzake ana makaburi?"

Jibu nilikuwa nalo, nililiandika ubaoni kila mwaka: sisi tulikuwa na lugha moja na hatukuwa na ukabila. Akacheka. Akasema Wasomali walikuwa na lugha moja kutushinda, na dini moja, na walifanana sura, na bado walichinjana.

"Wewe unalinganisha bendera," akasema. "Linganisha mashamba."

Ndipo aliponieleza shamba lao. Mtaliano alikuwa akija vijijini kwao na askari, anachukua wanaume kwa kamba kwenda kulima ndizi na pamba zake. Baba yake alikuwa na kovu la kamba hiyo kwenye kiwiko cha mguu. Uhuru ulipokuja Mtaliano akaondoka na fimbo akamwachia mtu mwingine. Wao wa kando ya mto waliendelea kuitwa watumwa mchana kweupe, sokoni na ofisini, na bunduki zilipozagaa watu wa kwanza kunyang'anywa ardhi walikuwa wao, kwa kuwa ndio waliokuwa na ardhi yenye maji.

"Huku kwetu hakuna aliyefungwa kamba," nikasema, na kifua nikakitoa.

Mke wangu alikuwa anapepeta pale pale. Hakuinua macho. "Na nyumba ya mama yako aliichoma nani?"

Nilikasirika mpaka nikainuka. Lakini ilikuwa kweli. Nilikuwa mtoto mdogo mgambo walipokuja kutuhamishia kijiji kipya. Mama aligoma kuyaacha mahindi yake darini. Wakaichoma nyumba na mahindi ndani, naye alipowarukia akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakatoka. Niliyaokota mimi. Kisha nikakua, nikawa mwalimu, nikafundisha kwamba watu walihamia vijijini kwa hiari yao. Mtoto mmoja wa darasa la sita alinyoosha kidole akasema babu yake anasema vingine. Nilimchapa viboko vinne kwa utovu wa nidhamu. Jirani yangu aliisikiliza habari hiyo yote bila kunicheka, na hilo lilinichoma zaidi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Kiangazi kile lambo tunalogawana na wafugaji lilibaki tope. Ng'ombe wakaingia kwenye mahindi. Vijana wetu waliwakuta ng'ombe wanne wakawakata mishipa ya miguu ya nyuma kwa mapanga, wakawaacha wamelala wanalia mpaka jioni. Nasema vijana wetu, na mpwa wangu alikuwemo. Kwa Mzigua mtoto wa dada yako si ndugu wa pembeni. Yeye ndiye atakayekurithi na kusimama kwenye kaburi lako. Yule nilimlea tangu ananyonya, nikampa shamba, nikamwozesha.

Kesho yake, saa nane mchana, mwanamke alipiga yowe upande wa mashamba ya bondeni. Nilikimbia na wenzangu. Mpwa wangu alitutangulia kwa kuwa alikuwa na miguu ya ujana, na waliotangulia ndio waliokutana na sime za wafugaji. Nilimkuta amekaa kwenye matuta ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, anajitahidi vilivyomo visitoke. Aliniita mjomba mara moja. Tulimpakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili apelekwe hospitali Korogwe, akakata roho kabla hawajaiona lami.

Kijana mmoja wa wafugaji alichelewa kukimbia. Alikuwa na umri wa mwanafunzi. Tuliokota mawe. Sitaeleza alivyokuwa tulipomaliza, ila jiwe moja kati ya yale lilikuwa langu na lilimpata.

Tukawa tunarudi, mtu mmoja akasema, "Yule Msomali hakutoka." Hakuwahi kuitwa hivyo na yeyote kabla ya siku ile. Damu ilinichemka. Nilimwona mpwa wangu na lile tumbo lake, nikamwona jirani amekaa ndani anasikiliza. Nikasema twende, na mimi ndiye niliyekuwa mbele.

Mlango ulikuwa umezibwa kwa godoro. Tuliuvunja. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni juu ya mkewe na watoto, amewafunika wote kwa mwili wake. Tukamburuta kwa miguu. Watoto walikuwa wanapiga kelele na hakuna aliyesikia. Baada ya mkono kuvunjika nilimpiga tena mbavuni, kisha wengine wakapokezana. Hakurudisha wala hakuomba. Alimwambia mkewe tu, "Watoto wasitoke nje." Ni mke wangu aliyekuja kujitupa katikati yetu, akanishika ndevu akanivuta kama mbuzi, ndipo nikaachia mpini.

Walihamia Korogwe siku ileile. Nikakaa wiki kadhaa, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta mtaa wa Manundu, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, mkono wa kulia umeunganishwa vibaya, vidole havikunjiki. Nilikuwa nimembebea mahindi. Nilimwomba msamaha kwa maneno mafupi kwa sababu marefu yalinishinda. Akanikaribisha kiti, mkewe akanipa chai na hakuniangalia.

Hapo ndipo aliponiambia. Kule Juba wenye bunduki walikuwa wanamkamata mwanamke, wanamtesa mpaka apige yowe, kisha wanajilaza kwenye majani na kusubiri. Waliokuja kumwokoa waliuawa mmoja mmoja kwa kadiri walivyofika. Siku aliyopiga yowe dada yake, baba yake alikimbia na kaka zake wawili. Yeye alikuwa na malaria kitandani. Aliwasikia wote watatu.

"Ninyi mmekua mnalikimbilia yowe na mkarudi nyumbani," akasema. "Kwetu waliolikimbilia wameisha, mwalimu. Tuliobaki hai ni sisi tuliolala chini."

Mimi, mwalimu wa kulinganisha, nilikuwa sijawahi kuzilinganisha nchi zetu kwa hilo. Nililielewa pale pale, kabla chai haijapoa. Na bado mfukoni nilikuwa na karatasi. Mkutano wa kijiji ulikubali arudi shambani kwake kwa sharti moja, kwamba yowe likipigwa atoke kama wanaume wengine, na sharti hilo niliandika mimi kwa mwandiko wangu mzuri. Ningeweza kuichana. Ningeweza kurudi na kuwaambia watu wetu wamwache, na wangenisikia, maana nusu yao niliwafundisha kusoma. Lakini mpwa wangu alikuwa kaburini na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka mtu huyu naye akimbie. Nikaiweka mezani.

Aliisoma mara mbili.

"Nchi ya kwanza niliikimbia kwa ajili ya bunduki," akasema. "Nikiikimbia na hii kwa ajili ya jembe, watoto wangu nitawaambia ya tatu iko wapi?"

Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Walirudi mwanzoni mwa masika. Nilimsaidia kulima, maana jembe lilikuwa halimkai. Tulizungumza habari za mbegu na mvua, za nchi tuliziacha. Kwangu walikuwa wamehamia watoto wawili wa marehemu mpwa wangu, wasichana, mkubwa darasa la pili. Walilala na mke wangu, bibi yao, nami nilikuwa naamka kuhakikisha wanapumua.

Yowe la pili lilipigwa asubuhi, saa nne, mke wangu akiwa ameenda kisimani. Lilitoka bondeni kulekule. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona jirani yangu anatoka kwake na panga mkono wa kushoto, uso umekuwa wa majivu, suruali imelowa mbele kwa hofu, na bado anakimbia. Mkewe alikuwa anamshika shati, akajing'oa. Alipopita uani kwangu alipaza sauti, "Mwalimu! Twende!"

Niliingia ndani nikafunga mlango. Nikavuta godoro nikaliegemeza mlangoni. Nikawalaza wasichana sakafuni nikajitandaza juu yao, kifudifudi, kama nilivyomkuta yeye.

"Babu, mbona hatuendi?" yule mkubwa akauliza. Nikamziba mdomo kwa kiganja, na nilimziba kwa nguvu mpaka akaniuma.

Alifika wa kwanza. Miguu ile iliyolelewa kulikimbia yowe siku ile iliwashinda vijana wote wa kijiji. Walioficha sime walikuwa pembeni ya njia, wakampata ubavuni na shingoni, na wenzake walipofika alikuwa ameshaanguka na wenye sime wameshaingia porini. Mwanamke aliyepiga yowe alipona, yeye na mtoto wake mgongoni. Hilo nalo lisemwe.

Nilisikia watu wanarudi. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita bandani, nikajipaka tope kwenye suruali na mikononi, nikazunguka na kuungana na msafara kwenye kona ya njia. Nilishika mguu mmoja wa machela. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mimi ni mzaliwa, na mzaliwa haulizwi.

Walipomlaza uani kwake mkewe hakulia. Aliwatazama wanaume mmoja baada ya mwingine, akafika kwangu, akasimama. Nilijua tope langu ni bichi mno. Nikasubiri aseme, na kwa kweli nilitaka aseme.

"Mwalimu," akasema, "alipoanguka ulikuwa naye?"

"Nilikuwa nyuma yake," nikamjibu.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwamba mume wake, yule aliyekuwa akiogopa kufa peke yake kwenye majani, hakufa peke yake.