Kitambaa Chekundu Kwenye Mkungu

Niliufunga mti ule kwa mkono wangu mwenyewe, wala sikutumwa na mtu.

Kazi yangu ilikuwa kufagia bustani moja ya mjini Mombasa, si mbali na barabara ya Ndia Kuu. Katikati yake palikuwa na mti mkubwa wa mkungu, na kila masika yangeyange walikuja kutaga juu yake, wale ndege weupe wa shingo ndefu wanaovua samaki kwenye hori ya Tudor maji yakipwa. Ni waoga kupita kiasi. Ukipiga makofi chini ya mti wanainuka wote, na hapo ndipo kunguru wanapoingia. Kunguru wa Mombasa mnawajua. Yangeyange akiondoka kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, akirudi hakuti yai wala kinda.

Mwaka ule bustani yetu ilipata sifa ya picha za harusi. Mpiga picha mmoja alikuwa akimsimamisha bibi harusi chini ya mkungu, kisha vijana wake wanatikisa matawi ili ndege waruke nyuma ya shela. Niliomba, nikagombana, nikaandika ubao kwa mkaa kuwa ndege wamelalia mayai. Ubao wakaukalia. Siku nilipofagia makinda watatu waliokufa pamoja na maua ya harusi, nililia kwa hasira, mtu mzima na ufagio wangu.

Ndipo nikafanya ujinga. Kwetu, ndani ndani ya Kilifi, mtu asiyetaka nazi zake ziibwe hufunga kitu kwenye mnazi, na mwizi, akiogopa kurogwa, hupita mbali. Nikazungusha kitambaa chekundu kwenye shina la mkungu, nikaning'iniza kifuu cha nazi chenye majivu. Dawa haikuwemo, yalikuwa majivu ya jiko la nyumbani kwangu Majengo. Kesho yake mpiga picha alikiona, akakunja miguu ya kamera, akaondoka bila hata kuniaga. Nilicheka peke yangu. Kwa siku tisa sikuona aliyeukaribia mti, na makinda wakanenepa. Walibakisha kama wiki mbili waweze kuruka.

Siku ya kumi, baada ya alasiri, watu wapatao thelathini waliingia getini. Mbele alikuwa mama kijana amembeba bintiye ndani ya leso. Nilielezwa kwamba jana yake mtoto alikimbilia chini ya mti kuokota kungu, matunda yake, na usiku ule ule akapata homa. Mwanamume mmoja alishika galoni la mafuta ya taa. Alitaka kuuchoma mti, na aliyeufunga akipatikana, naye afuate.

Mimi nina mvi tangu nilipofika miaka arobaini. Mjomba wangu alichomewa nyumba yeye mwenyewe akiwa ndani, kwa sababu ya mvi na maneno ya majirani kwamba ni mchawi. Niliposikia neno mchawi likipita kati ya watu wale, niliushika ufagio kwa mikono miwili. Ningeweza kunyamaza. Wangeuchoma mti na makinda wake, nami ningerudi nyumbani salama. Nakiri kwamba niliwaza hivyo, na si kwa dakika moja.

Kisha yule mwanamume akafungua kifuniko cha galoni.

"Ni mimi niliyefunga," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

Mama yule akanitazama. "Mwanangu amekukosea nini, baba?"

Nikaeleza habari za ndege, za kunguru, za majivu ya jikoni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunisogelea. Mtu mmoja alisema hajawahi kusikia mchawi asiye na sababu. Nikamsihi mama ampeleke mtoto hospitali saa ile ile, maana nilimwona anavyohema.

"Nitampelekaje na wewe hujafungua?" akasema. "Akidungwa sindano na uchawi ungalimo mwilini, atanifia. Fungua kwanza, kwa mkono wako."

Alikuwa amengoja hivyo tangu usiku, mtoto akiungua mgongoni mwake, kwa ajili ya kitambaa changu.

Nikapiga magoti penye shina. Fundo lilikuwa limelowa mvua likakaza, na vidole vyangu havikuliweza. Mwenye galoni alisimama nyuma ya shingo yangu; nilisikia harufu ya mafuta. Nilimwomba Mungu, na sikuwaombea ndege. Mwisho nikalifungua kwa meno. Kifuu kilianguka, majivu yakanimwagikia miguuni, watu wakarudi nyuma. Halafu, kwa kuona hakuna aliyedhurika, wanawake wakapiga vigelegele.

Vilikuwa vigelegele vya furaha, virefu. Yangeyange wakainuka wote kwa pamoja, na kunguru waliokuwa kwenye paa la ofisi ya bustani wakashuka mtini. Nilikuwa na ufagio karibu, na mawe yalikuwepo. Sikuthubutu kuinua mkono. Mbele ya watu wale, mkono wangu ukiinuka juu ungekuwa mkono wa mchawi, nao wasingeuacha ushuke.

Mama alinikaribia, kwa mbali kidogo asiniguse. Uso wake ulikuwa umelegea, tayari kukimbia hospitali.

"Mungu akulipe, baba," akasema.

Juu yetu makinda walikuwa wakilia, mmoja mmoja, wakipungua. Nikasema amina.