Kurasa Zilizofungia Karanga

Uvumilivu wangu ulikatika palepale kwenye ukumbi wa kata, Igogo, kijana wa filamu aliyetoka Dar alipotamka kwa raha zake kwamba mwishoni yule binti anageuka jiwe ziwani na mama yake harudi. Yeye na wenzake walikuja kutueleza mipango yao: wanatengeneza filamu ya kile kitabu cha zamani cha binti anayeongea na majoka ya ziwani, na wanataka kuirekodi kwenye mawe yetu, katikati ya nyumba zetu. Mwanangu Neema, wa miaka sita, nilikuwa nimempakata. Akanigeukia: "Mama, si ulisema anarudi?" Nikasimama. Nikamwambia yule kijana kitabu hicho nimekua nacho, asije hapa kutubadilishia. Akanitazama kwa huruma, akaniletea nakala yake, nzima mpaka jalada la nyuma. Nikausoma ukurasa wa mwisho nimesimama mbele za watu. Jiwe. Hakuna mama.

Mimi kitabu hicho nakijua kwa harufu ya dagaa. Mwaka ule mama alipokwenda Geita kupikia wachimbaji, aliniacha kwa shangazi yangu Modesta, aliyekuwa akianika dagaa kwenye mawe yaleyale. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru. Shangazi alikalia ndoo iliyopinduliwa, akisoma kwa sauti, mkono mmoja ukigeuza dagaa, kitabu chenyewe kimeganda magamba. Jua lilituchoma visigino. Mawingu yakitokea upande wa ziwa tunakusanya mbiombio, yakipita tunaendelea palepale tulipoachia. Na kila gari lililopita barabarani mimi niligeuza shingo. Mwisho ninaoujua ni huu: mama anatoka majini, nywele zimelowa, anamwita binti kwa jina la nyumbani, na jiwe linaanza kuwa mguu, linakuwa mkono, linakuwa mtoto. Shangazi aliurudia mara nyingi, macho yake kitabuni. Ningeapa alikuwa akiusoma.

Nilipotoka ukumbini nikampigia simu, hata shikamoo nikaisahau. Alicheka kwanza.

"Kurasa za mwisho nilifungia karanga kabla hujaja," akasema. "Ulitaka nikwambie nini, na wewe umekaa unatazama barabara?"

Mama yangu hakurudi. Ana watoto wengine hukohuko Geita, sikukuu hunipigia simu. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Nimkasirikie nani? Kijana wa Dar hakudanganya, shangazi hakunitendea ubaya. Nililelewa na ukurasa ambao haupo, nikangoja kwa kuutegemea, na sijui kama nishukuru au nilie. Siku hizi dagaa wanaanikwa juu ya vichanja vya nyavu, mawe yamebaki matupu, mama ni mimi. Na tangu siku ile, kila nikienda sokoni, Neema ananiuliza nitarudi saa ngapi.

Kesho yake nikaenda kwa mtendaji wa kata. Akaniambia mwisho wa kitabu haulalamikiwi. Nikamwambia yeye apige muhuri tu. Niliandika hivi: Mimi, mkazi wa Igogo, nalalamika kwamba filamu inayokusudiwa kurekodiwa kwenye mawe yetu inaishia njiani. Kwenye mawe hayo mama alisharudi, mchana, mbele yangu, dagaa wakikauka. Naomba wasirekodi mwisho wao hapo, au wamngoje.