Kikombe cha Pili cha Mzee Sekunde

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa jirani yangu asubuhi moja kilikuwa duara jekundu kuzunguka jicho lake la kulia. Ni alama ya kioo cha kukuzia, kile ambacho fundi saa kama yeye hukibana jichoni anapofungua saa ya mkono. Lakini siku hiyo hakuwa na saa mbele yake. Alikuwa ameinama dirishani juu ya chungu cha maua, kibano mkononi, akinasa vijinzi kimoja kimoja.

"Kumi na saba," aliniambia bila kuinua kichwa. "Tangu alfajiri."

Mtaani tunamwita Mzee Sekunde. Mkewe alifariki mwaka jana, akamwachia vyungu tisa vya mimea ya majani manono, ile inayoweka maji ndani ya majani yake na kuvumilia ukame. Enzi za mkewe, mzee hakuwahi kuigusa. Sasa aliihudumia kila siku, na kadiri alivyoihudumia ndivyo ilivyozidi kufa. Mitatu ilikuwa imeoza mizizi. Kila aliposogeza chungu, vijinzi vyeusi, vidogo kama chembe za pilipili manga, viliruka na kumwingia puani.

Binti yake, aliyeolewa mbali na ambaye hajafika tangu msiba, alikuwa ameahidi kuja kuchukua mmea mmoja wa mama yake, ule unaofanana na waridi.

"Ukifa huo, atakuja kufanya nini hapa?" mzee aliniuliza. "Kuniangalia mimi?" Akacheka peke yake.

Nilimwita muuza maua wa barabara ya pili. Mama yule alichota udongo kidogo, akaunusa, akakunja uso.

"Babu, humu unafuga ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

"Udongo unanuka maziwa! Unamwagilia nini?"

Mzee alijifanya hasikii. Muuza maua akashika kiuno, akangoja.

"Chai," mzee alisema hatimaye. "Kikombe kimoja tu, kila asubuhi."

"Na sukari?"

"Vijiko viwili."

"Makubwa! Mimea hii hata maji inataka kwa nadra, wewe unaiandalia kifungua kinywa!"

Akamwelekeza: akwangue udongo wa juu wenye vifunza vya vijinzi hivyo, aweke mchanga mkavu wa punje kubwa, asimwagilie chochote mpaka chungu kikauke hadi chini. Kisha achomeke vipande vya karatasi ngumu ya njano vilivyopakwa mafuta mazito, kwa kuwa vijinzi huipenda rangi hiyo, vikitua, vimenasa.

Tulikuwa bado tunakata karatasi binti alipopiga simu. Mzee aliweka sauti ya juu, maana masikio yake yamechoka.

"Shikamoo, baba. Mimea ya mama inaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mitatu imekufa. Ule wa waridi sijui. Nilikuwa naimwagia chai."

"Chai? Chai ya nani?"

"Ya mama yako."



"Baba, bado unachemsha ya watu wawili?"

"Mkono umezoea. Kuimwaga kwenye sinki naona vibaya."

"Nilipanga kuja mwisho wa mwezi," binti alisema, sauti imebadilika. "Nakuja Jumamosi hii. Mmea ufe, upone, mimi nakuja. Na sitalala siku moja tu."

Siku ya kwanza karatasi zilijaa vijinzi hadi njano haikuonekana. Siku ya nne tulihesabu vitatu. Mmea wa waridi umepoteza majani ya chini, lakini ya katikati yamekaza.

Leo ni Jumamosi. Mzee amenyoa ndevu na kujikata kidevu mara mbili. Amefungua chumba cha pili, kilichofungwa tangu msiba, akatandika shuka na kulitandua, akatandika jingine. Basi analokuja nalo binti hufika saa nane. Sasa ni saa sita na nusu.

"Huwa linachelewa?" ameniuliza.

"Wakati mwingine."

"Na kuwahi?"

"Sijawahi kuliona likiwahi, mzee."

"Hujui wewe," amesema, tayari anafunga kamba za viatu. "Twende tukalingojee kituoni."