Siku Niliyomharakisha Mkwe Wangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nichekeni, lakini msikilize. Dada yangu alikuwa anazikwa Ujiji saa nne asubuhi, na nilitaka nimwone uso mara ya mwisho. Mimi nilikuwa kwa binti yangu Kasulu, kwenye baridi ya kung'ata mifupa. Mkwe wangu akaingia kwenye gari lake kuukuu la dizeli, akazungusha ufunguo nusu, akatulia akitazama kitaa cha njano kwenye dashibodi.

"Baba, unaswali humo?" nikamfokea. "Washa!"

Akawasha. Gari likakohoa moshi mweupe, likazima.

"Tena!"

Akarudia na kurudia, mpaka betri ikafa. Tulipopata watu wa kusukuma, jua lilishapanda. Ujiji tukakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini. Uso wa dada yangu sikuuona.

Nikamshtaki mkwe pale pale msibani. Binti yangu, aliyetutangulia msibani jana yake, akamgeukia mumewe: "Kwani hukungoja kitaa kizime, injini ipate joto?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nangoja. Mama akasema washa. Mkwe wangu nitambishia vipi?"

Msiba mzima ukanigeukia. Jioni ile nikawaamuru wanangu na wakwe zangu wote: nikikosea, niambieni hapo hapo, na huyu mkwe ndiye aanze.