Nimemsafisha mdudu wa Mwanaidi

Jamani, leo nimemharibia mke wangu kwa usafi wangu mwenyewe.

Mwanaidi anajifunza vipepeo. Ndiyo, vipepeo! Padri mmoja hapa Bagamoyo kamwonyesha: mwenye vipapasio vyenye kirungu nchani ni kipepeo, mwenye vipapasio kama unyoya ni nondo.

Asubuhi, njia ya Kaole, kaokota mmoja aliyekufa, hajavunjika popote. Mwekundu, ana doa la buluu kila bawa.

"Ana vipapasio vya nondo, lakini jana nilimwona mwenzake akiruka juani," akaniambia. "Alasiri nampelekea padri aniambie ni nani. Nishikie, naenda kisimani."

Kazi yangu mnaijua. Nasafisha sandarusi kwa Mhindi, ule utomvu wa kale ulioganda kama kioo. Inachimbwa ikiwa na gamba la mchanga, naisugua mpaka ing'ae. Bidhaa chafu haiendi kwa mnunuzi.

Sasa nikaona mabawa yana vumbi.

Nikayafuta. Taratibu, kwa kidole gumba. Vumbi likazidi kutoka, nami nikazidi kufuta, tena najisifu moyoni.

Kumbe lile vumbi ndiyo rangi yenyewe!

Mwanaidi karudi, kakuta mabawa yanaonyesha kama sandarusi, mkeka unauona upande wa pili. Bora angenitukana. Alishika tu kidole changu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Alikuwa mwekundu hivi," akasema.

Alasiri imeshaadhiniwa na sijatia udhu. Nikinawa, hatabaki hata huyu wa kidoleni.

Niambieni, nyie mngenawa?