Province Iliyokufa na Kashe Iliyofufuka

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya serikali hapa Uvira. Mbele yangu mama mmoja wa Runingu alimpa karani hati ya shamba lake, apigiwe kashe, muhuri wa ofisi. Karani aliisukuma kwa kidole kimoja.

"Mama, hii imeandikwa Province ya Kivu. Kivu ilikatwakatwa. Ile province ilikufa."

"Ilikufa? Minye sikuona matanga. Shamba iko palepale."

"Ilikufa, mama. Tafuta hati ingine."

Mama akafungua kiganja. "Basi pigia kashe yako hapa, nione kama yenyewe iko muzima."

Karani akacheka, akapiga. Mama alisoma polepole, kwa sauti ya kanisani: "Congo Belge." Kisha akainua mkono, foleni nzima ione. "Na huyu wa wakati wa Wabelgiji, alifufuka lini?"

Tulipiga makofi mpaka polisi wa mlangoni naye akapiga. Karani akatoa wembe, akakwangua "Belge" kwenye mpira wa kashe, akaigongea hati ileile.

Tangu uhuru wakubwa wanachora mipaka na kubadili majina, wala hawachoki. Wachore tu. Mama yule alirudi Runingu mkono juu, wino bado mbichi, kulima shamba ambalo halijahama hata hatua moja.